Turubai la Kufa na Kuzikana

Usagara,
8 Aprili 2024

Kwako Shangazi Ajwang,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na chumba changu cha Igogo nacho ni kizima, ingawa majirani wa bondeni wanalala darasani tangu ziwa lilipopanda. Wauza samaki wamehamia barabarani. Mama Gladness, mwenye nyumba wangu, anakusalimu na anauliza lini utamletea tena machungwa, kana kwamba hajasikia kuwa gati lenu liko chini ya maji.

Nakuandikia kwa karatasi kama enzi za babu kwa sababu mnara wenu wa simu umeanguka. Barua hii anakuletea sajenti wa boti ya polisi, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuvuka kwa sasa. Mpe maji ya kunywa, na usimuulize kama ameoa.

Unaijua kazi yangu hapa kwenye kituo cha droni. Zamani ndege zetu zilikuwa zinashusha dawa mahali palipopimwa, na kwenu palipimwa uwanja wa mpira, ambao sasa ni wa sato na sangara. Kwa hiyo tumezifundisha kutafuta zenyewe. Droni ikifika juu ya Nyabusara haina mtu wa kuishika mkono. Inatazama chini, ikiona mraba mkubwa wa rangi ya chungwa inashusha sanduku, inapiga picha moja, inageuka. Mimi kazi yangu ni kupakia sanduku na baadaye kuitazama hiyo picha.

Wakubwa walikuwa wanabishana habari za kuagiza vitambaa maalumu vya alama kutoka nje. Nikawaambia waache kujisumbua: hakuna kisiwa kisicho na chama cha kufa na kuzikana, na hakuna chama kisicho na turubai la rangi ya chungwa, maana yote yalinunuliwa duka moja hapa Mwanza. Walinipigia makofi, Shangazi. Na Nyabusara ufunguo wa stoo ya vyombo vya chama anao nani? Basi litoe, litandike karibu na kituo cha afya, weka mawe kwenye pembe.

Sasa linaloninyima usingizi ni Adongo. Alikuja kwako ili apate mtu wa kumsaidia akijifungua, maana mume wake Collins yuko mbali na kazi zake za barabara, na hatukujua ziwa litatufanyia hivi. Hujasahau mimba ya kwanza, damu ilivyomtoka, na jinsi hospitali nzima ilivyohangaika kwa kuwa damu yake ni ya kundi O hasi, ambayo watu wachache wanayo. Mimi pacha wake hata kwa hilo sikumfaa. Mtoto yule hatukumpata na mama mwenyewe tulimpata kwa shida. Ziwa likitulia kabla ya Juni aje huku. Lisipotulia, damu yake nitaituma angani, na itashuka palipo na turubai.

Mwambie nilitangulia kuzaliwa ili nimwangalizie njia, asinune.

Mwanao,
Opiyo

*

Nyabusara,
21 Aprili 2024

Mwanangu Opiyo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia chumba ni kizima. Ningefurahi zaidi kusikia kina mwanamke ndani. Huku tunamshukuru Mungu. Kuku wangu wawili walichukuliwa na maji, jogoo amebaki na kiburi chake. Kanisa limeingia maji mpaka madhabahuni, kwa hiyo tunasali kwa Odeta, kwenye ghala la pamba.

Turubai limenitafutia ugomvi. Mzee Projest, mwenyekiti wetu, unamjua: alivuka kutoka Bukoba na mche mmoja wa mgomba, leo ana shamba zima na uenyekiti juu yake. Nilipofungua stoo akasimama mlangoni. "Mama Ajwang, turubai halitoki bila msiba. Likitoka bure litautafuta."

Nikamwambia, "Projest, hiyo sheria tuliipitisha pamoja, au umesahau?" Nikuambie na wewe, maana ulikuwa hujazaliwa. Kulikuwa na mtu hapa aliyeliazima turubai akaanikia dagaa. Wiki iliyofuata tukamzika katekista chini yake, na watu wakawa wanalia huku wameshika pua. Ndipo tukaamua lisitoke tena ila kwa msiba. Sababu ni dagaa, basi. Hayo ya kwamba likitoka bure linaita watu yameongezwa na watoto waliokuja nyuma, na sasa hata Projest mwenyewe, aliyekaa mbele kabisa siku ile na leso puani, anayaamini.

Nikalitoa. Nikalitandika na mawe yake. Ndege yako ikaja, ikalia juu yetu kama nyigu aliyeingia ndani ya debe, ikaacha sanduku likielea chini kwa mwavuli wake wa kitambaa. Nesi Selina akafungua: maji ya dripu, dawa za kipindupindu, vidonge vya kusafishia maji. Mtoto wa Odeta alikuwa amekwisha, macho yameingia ndani, na leo anakimbiza jogoo wangu. Watu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wakaimba. Hata Projest aliimba, ila kwa sauti ya chini.

Jioni ile mzee Cleophace akafariki. Alikuwa na pumu kabla wewe hujaota meno, kwa hiyo usianze kuniwekea maneno kinywani. Lakini mwanachama ni mwanachama, turubai ni haki yake. Tukalikunja, tukalipeleka ng'ambo ya kilima, tukalifunga kwenye miti juu ya wafiwa. Kesho yake ndege yako ikaja, ikapita kituo cha afya, ikaenda moja kwa moja msibani. Sanduku likaanguka juu ya turubai, pu! katikati ya somo la pili. Benchi zima la wanaume lilikimbia, na msomaji akawa wa kwanza. Nilicheka mpaka nikaona aibu kwa marehemu. Iambie ndege yako ijifunze kupiga hodi.

Adongo anakula. Dagaa hataki, anataka udongo, na mimi namficha udongo. Kitenge cha njano ulichomletea hakivui, nimemwambia siku moja kitatembea chenyewe. Anasema kutangulia kwako kuzaliwa ni kwa sababu ulikuwa na haraka ya kula.

Barua hii inasubiri boti, na boti inasubiri mawimbi. Usihesabu siku.

Shangazi yako,
Ajwang

*

Usagara,
26 Aprili 2024

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Barua yako sijaipata, lakini sikuweza kungoja. Hii nimeificha ndani ya sanduku, chini ya vipande vya barafu. Ni kosa kazini, kwa hiyo ukishaisoma iwashie jiko.

Nina furaha. Nyabusara ndiyo inayosifiwa kuliko visiwa vyote. Picha yenu moja mkurugenzi ameichapa kubwa na kuitundika pale wageni wanapoingilia. Turubai limekaa katikati, watu wamejaa pande zote, wengine kwenye mabenchi, masufuria makubwa yanatoa moshi. Nikawaambia wenzangu, mnaona watu wetu? Kitu kidogo tu wamekipikia karamu! Na pembeni amesimama Adongo na kitenge chake cha njano, mkono kiunoni, ameinua uso kuitazama ndege. Nilimpungia mkono pale pale ofisini. Walinicheka.

Naona turubai mmelihamishia ng'ambo ya kilima. Labda huko ni pakavu zaidi. Popote mnapoona panafaa ni sawa, ila lisikunjwe. Liacheni wazi siku zote ili ndege isikose kuliona.

Adongo aniandikie hata mstari mmoja. Mvivu yule.

Opiyo

*

Usagara,
14 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili nimeipata jana, imelowa pembeni lakini inasomeka. Kwa kuku pole. Habari za dagaa na katekista nilizicheka peke yangu ndani ya basi mpaka konda akaniuliza. Nilipofika kwa mzee Cleophace nikaacha kucheka.

Nilirudi kazini nikatoa picha zote za Nyabusara, nikazitazama upya. Masufuria yale, mabenchi yale, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Nimekulia misibani kama mtoto yeyote wa ziwa, na bado nikaita karamu. Karibu kila sanduku mlilopata mwezi huu limeshuka msibani. Ile picha iliyotundikwa mlangoni nayo ni msiba, na wageni bado wanapiga nayo picha.

Nimewaambia wakubwa. Linashughulikiwa.

Mpaka hapo fanya hivi, nakuomba. Kata kipande cha turubai, cha ukubwa wa kitanda kinatosha, kitandike kituo cha afya na kisiondoke pale hata iweje. Lile kubwa likifungwa msibani, lifunikeni kwa majani ya migomba, lisionekane kutoka juu. Mzee Projest atasema turubai la msiba halikatwi. Likate.

Na jingine, ambalo ni kubwa kuliko hilo. Boti ya polisi ikija tena, Adongo apande. Hata kama anajisikia vizuri, hata kama anacheza. Sajenti nimeshaongea naye, kila kisiwa anauliza kama kuna mgonjwa, atamshusha Nansio na mimi nitakuja kumpokea. Usisubiri Juni, Shangazi. Mpandishe.

Opiyo

*

Nyabusara,
20 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hii najibu ile yako iliyokuja chini ya barafu, ya picha na karamu. Niliisoma mara mbili, nikaona nisiikasirikie, maana kutoka juu pengine kilio na kicheko vinafanana. Ile ilikuwa matanga ya Cleophace, mwanangu. Nadhani barua yangu ya kwanza imekwishakueleza. Nyingine kutoka kwako sijaona.

Jogoo amekufa. Hakuugua, aliamka amekufa.

Kipindupindu hakijaisha upande wa kusini, na tumezika mno. Turubai halikauki. Tunalitoa mti huu tunalifunga mti ule, na kila tunapolifunga ndege yako inakuja. Sasa watu wamegeuka. Wanasema turubai linatandikwa, sanduku linashuka, halafu mtu anakufa. Nimesimama ghalani baada ya sala nikawaambia mmeanzia mwisho: mtu anakufa kwanza, ndipo turubai linatandikwa, ndipo ndege inakuja. Projest akanyanyuka taratibu, wala hakuwa na hasira. "Mama Ajwang, siku ile ya kwanza kabisa, ulipolitoa, alikuwa amekufa nani?"

Nilikohoa, nikakaa.

Masanduku hawayagusi tena. La wiki iliyopita limelala kwenye migomba ya Projest, lilishuka kwenye msiba wa mpwa wake. Selina alikwenda kulichukua, vijana wakamsimamisha njiani na kumrudisha, kwa adabu lakini na mapanga mkononi. Nimemwambia asirudi huko peke yake.

Mimi siyaamini hayo, unanijua. Lakini juzi nilipokwenda stoo nilijikuta nabisha hodi kabla ya kufungua. Usicheke.

Adongo hajambo. Miguu imevimba kidogo, anasema ni joto. Amekuandikia mstari wake, huu hapa chini, nimemshikia karatasi: *Opiyo, nilikuona ukipunga mkono. Uongo. A.*

Boti ya polisi iko hapa sasa hivi, sajenti ananipigia honi kwa ajili ya barua hii. Anauliza kama nina mgonjwa wa kupeleka Nansio. Nimemwambia hatuna, huku sote tu wazima.

Ajwang

*

Usagara,
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo.

Nimepata barua yako ya tarehe ishirini. Nimeona mstari wa Adongo. Nimeona na mstari wako wa mwisho.

Jumatano Selina alituma ujumbe kwa redio ya polisi: mzazi anatoka damu, O hasi, haraka. Hakutaja jina na sikuuliza. Niliipakia kwa mikono yangu, mifuko miwili. Picha ilipokuja niliona migomba, turubai katikati yake, watu wengi wamekaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anakimbilia sanduku. Hakuna hata aliyeinua uso. Nikapakia tena, mifuko ya akiba iliyobaki Mwanza nzima, nikairusha. Ikaja picha ile ile, ila sasa kulikuwa na masanduku mawili.

Nilimwambia mkuu wangu aigeuze ile ndege, aiambie ishuke kituo cha afya. Akaniambia haigeuzwi, inajiamulia, ndiyo uzuri wake. Mwezi uliopita nilikuandikia kuwa linashughulikiwa. Halikuwa linashughulikiwa. Walisema tungoje kwanza wageni waliokuja kuusifu mradi waondoke.

Jana nimetuma ya tatu. Damu ilitoka Bukoba kwa ndege ya abiria, niliisubiri uwanjani. Picha iko mbele yangu. Turubai limehama kutoka kwenye migomba. Limefungwa nyuma ya nyumba yenye bati kuukuu, na kwenye bati kuna kiraka cha bluu. Kile kiraka nilikipigilia mimi, Krismasi ile mvua ilipoingia juu ya kitanda chako. Masufuria yako matatu.

Nimetafuta kitenge cha njano pande zote za picha. Nimeikuza mpaka ikawa vumbi. Labda yuko ndani na mtoto. Jua ni kali, amekaa ndani na mtoto.

Siandiki ninachofikiri. Niambie yuko ndani.

Opiyo

*

Nyabusara,
17 Juni 2024

Opiyo mwanangu,

Kitenge cha njano usikitafute. Tumemzika nacho.

Nimekaa na karatasi hii siku kadhaa nikitafuta pa kuanzia, na naona hakuna. Uchungu ulimshika alfajiri ya Jumatano. Mtoto alitoka vizuri, wa kike, akalia. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Selina alikimbia hadi kwa kijana mwenye redio ya polisi, akarudi, akaniambia inakuja, litandike turubai. Na turubai halikuwepo. Lilikuwa kwa Projest, mke wake Teodora alifariki usiku wa kuamkia siku hiyo, lilikuwa limefungwa juu yake.

Nilikwenda. Nilipiga magoti mbele ya wafiwa na mikono yenye damu. Nikasema nipeni saa moja tu, mwanangu anakufa. Projest alinitazama, na wala hakuwa adui, macho yalikuwa mekundu kwa kulia. Akasema, "Mama, nikilivua juu ya mke wangu, nikakupa ulitandike bila maiti, unajua unamwita nani." Nikamwambia ni dagaa, Projest, ilikuwa ni dagaa tu, ulikuwepo! Akasema, "Nilikuwepo." Akafunika uso. Vijana wakanishika mikono.

Ndege ikaja tukiwa pale. Tuliisikia wote. Damu ya Adongo ikaanguka juu ya vichwa vyetu, ikateleza, ikaingia kwenye migomba, na wale vijana wakasimama mbele yake. Ikaja tena. Ningeweza kuvuta kisu nikakata pembe moja. Ufunguo ni wangu, turubai nimelitunza miaka yote. Sikulikata. Niliporudi nyumbani Adongo aliniuliza, "Opiyo ametuma?" Nikasema ametuma, iko njiani. Akasema, "Yule na haraka yake." Hakusema tena.

Basi turubai likaja kwake bila ugomvi, kwa kuwa sasa alikuwa na haki nalo. Na ile ya tatu uliyoituma kutoka Bukoba ilishuka pale, juu yake, tukimwimbia. Umetuma damu, mwanangu, na ilifika. Usiseme hukutuma. Wewe ulitangulia kuja duniani na yeye akafuata, safari hii ametangulia yeye.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye migomba peke yangu. Hakuna aliyenizuia, mfiwa hazuiwi. Nilifungua masanduku yote. Mifuko ya damu ilikuwa imevimba kwa jua. Kwenye lile la zamani, alilozuiwa Selina, nilikuta barua yako ya tarehe kumi na nne, ndani ya maji yaliyokuwa barafu. Kata kipande. Mpandishe boti. Boti ile, Opiyo. Niliipungia mkono.

Sasa sikiliza, maana kulia kutatosha baadaye.

Mtoto anaumwa. Ana homa tangu Ijumaa, kitovu kimekuwa chekundu, ananyonya kidogo anaacha. Selina anasema ni maambukizi, anahitaji sindano za siku saba na hapa zimekwisha. Boti ya polisi imeharibika injini, barua hii inakwenda na mvuvi anayevuka kwa wizi, na yeye amekataa kubeba mtoto mchanga kwenye mawimbi haya. Selina ametuma jina la dawa kwa redio, bila shaka unalo mezani. Inabidi ije angani.

Kisiwa kizima kimesema turubai halitoki tena bila maiti. Hata Odeta, ambaye mtoto wake yuko hai kwa sababu ya ndege yako, alinishika mkono akasema, Mama Ajwang, usimwite mwingine. Walitaka ufunguo. Nimewaambia umepotea kwenye matanga.

Upo shingoni mwangu, pamoja na rozari.

Ulivyonijua mimi ni mtu wa kucheka mambo haya. Nimezeeka mwezi huu, siwezi tena kuyacheka. Pengine ni dagaa, pengine si dagaa. Nimefikiri hivi: kama turubai halina kitu, dawa itashuka na mtoto atapona. Na kama lina kitu, kama kweli likitandikwa tupu linatafuta mtu, basi mimi silitandiki tupu. Nitalitandika kituo cha afya, nitaweka mawe kwenye pembe, na nitalala katikati yake mimi mwenyewe. Likitaka mtu limkute wa karibu. Lisihangaike kwenda ndani alipo mtoto.

Selina atakaa na mtoto. Nitafanya hivyo kila asubuhi, kuanzia Alhamisi, mpaka uje.

Mtoto nimemwita Adongo. Ukiiona picha, ukaona mtu mmoja amelala juu ya turubai, usiogope. Nitakuwa nimelala tu.

Shangazi yako,
Ajwang

*

Usagara,
20 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi, na dawa ilikuwa imekwisharuka.

Nimeona picha. Turubai limetandikwa vizuri, mawe yapo. Sanduku limeshuka karibu na mguu wako wa kushoto. Umelala chali, mikono kifuani, nguo nyeupe ile ya kanisani. Halikukuangukia, nimeangalia sana, halikukuangukia.

Ndege ya pili nayo ilikwenda, ilikuwa na dripu ya mtoto. Picha yake imeingia sasa hivi. Masanduku ni mawili. Umelala vile vile, mikono vile vile.

Najua ulisema nisiogope. Najua ulisema umelala tu. Lakini la kwanza mbona hujalichukua? Selina yuko ndani na mtoto, hajui kuwa limefika. Ni hatua chache tu mpaka mlangoni.

Nairusha ya tatu. Mkuu wangu ameuliza ina nini, nikamwambia ina dawa. Haina kitu, ina barua hii peke yake. Sina njia nyingine ya kukutazama. Ikifika juu yako itapiga picha moja, na mimi nitakuwa nimekaa hapa mbele ya kioo. Mwaka huu nimetazama turubai lile limejaa watu mpaka nimechoka. Leo nataka kuliona tupu.

Inuka, Shangazi. Mtoto anangoja. Inuka.

Opiyo